Gundi Hupakwa Pande Mbili

Nakumbuka siku moja ya ukungu hapa kwetu Makote, ukungu ule wa kipupwe unaoshuka mpaka mikorosho inaonekana kama inaelea. Nilikuwa bado kijana, mama wa mtoto mmoja tu, Somoe, na nyuma ya mlango wa chumba changu palikuwa na mzigo wa nguo nilioufunga kwa kamba ya mpira. Nilikuwa naondoka, mwanangu. Nilikuwa namwacha mume wangu kwa sababu ya buti.

Usicheke kwanza. Au cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Baba Somoe alilima korosho kama kila mtu, lakini moyo wake ulikuwa bondeni, kwenye mto Ruvuma. Palizi ikiisha tu, huyo anashuka kuvua kambale, amebeba begani mabuti yake marefu ya mpira yanayofika mapajani. Watu walimtania sana. Huku juu hatuna hata kijito, na yeye anatembea na viatu vya majini! Sasa buti moja soli yake ilikuwa imebanduka, imeachama mbele kama mdomo wa kambale mwenyewe. Yeye huipaka gundi chapuchapu, anaikanyaga, anaondoka, na mtoni inabanduka tena. Safari moja alirudi mikono mitupu, anachechemea, akanifokea mbele ya majirani kwamba nimelianika buti juani mpaka mpira umeharibika. Nami ulimi hauna mfupa, nikamwambia akamwoe huyo kambale wake. Tangu hapo tukaishi nyumba moja bila hata salamu.

Kwetu mke haondoki kimyakimya, huitwa mjomba kwanza. Mjomba wangu Chilumba, kaka yake mama, alikuwa fundi viatu kule Mkomaindo, Masasi. Akafika na mfuko wake wa kazi, ukungu umemlowesha kofia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Buti liko wapi?"

Mashtaka yangu nilikuwa nimeyapanga yote, la kwanza mpaka la mwisho. Hakuyataka. Alitaka buti, kisha akataka maji ya kulioshea. Wakati huo, mwanangu, hapakuwa na bomba la kufungua. Maji tuliyafuata bondeni na kuyapandisha mlima kichwani, mpaka shingo inataka kuingia kifuani.

"Mjomba," nikasema, "maji haya nimeyapandisha kwa kichwa changu mwenyewe. Leo nimwoshee mwanamume huyu buti lake?"

"Najua ulivyoyapata. Ndiyo hayo ninayoyataka."

Nikayamimina. Yaliniuma, sikufichi. Tope la Ruvuma likatoka jekundu, likapotelea kwenye mchanga wa uani. Buti tukalikausha jikoni, mbali na moto, kisha mjomba akampa mume wangu soli, akanipa mimi buti, na kila mmoja kigae cha chungu akwangulie gundi kuukuu. Alisema gundi ya zamani ikibaki, mpya itaishika ile ya zamani tu, haitaufikia mpira. Tukakwangua mpaka mpira ukaonekana. Kisha kila mmoja akapaka gundi upande wake.

Baba Somoe akataka kubandika palepale. Mjomba akamshika mkono. "Ndiyo yaleyale yako. Unapaka upande mmoja, unabandika mbichi, halafu unalaumu jua. Iguse. Kidole kikinata, bado. Kidole kikitoka kikavu, hapo ndipo imekuwa tayari kushika."

Basi tukangoja, yeye na soli yake, mimi na buti langu. Mjomba akajiegemeza ukutani, akajifanya amelala. Ukungu ulikuwa umeingia uani, nyumba ya jirani haionekani, jogoo anawika usijue yuko upande gani. Nilihisi kama dunia yote imebaki sisi wawili na harufu ya gundi. Sijui tulikaa muda gani. Mara nikasikia sauti ya mume wangu, ya chini, kama anaongea na ile soli.

"Soli ilipokwama kwenye tope nilianguka, Mama Somoe. Buti likajaa maji, mto ukanivuta. Niliwaona akilini wewe na mtoto. Niliogopa sana."

Kumbe ile kelele yote mbele ya majirani ilikuwa hofu! Maji usiyoyafika hujui kina chake, nami nilikuwa nimemhukumu mtu juu ya maji yaliyotaka kumzamisha. Nikamwambia kweli yangu. "Na mimi kila ukishuka huko, silali." Nikagusa gundi, kidole kikatoka kikavu.

Tukabandika, mume wangu akagongagonga kwa mchi. Mjomba akafumbua macho, akaomba kitu cha kulifungia mpaka kesho yake. Tukatazamana, hakuna kamba. Akasema taratibu, bila kugeuza kichwa, "Ule mpira uliofungia mzigo nyuma ya mlango utatosha."

Sijui aliuona saa ngapi. Nikaenda kuufungua. Nguo zangu zikamwagika sakafuni, nikaziacha hapohapo.

Baba Somoe ametangulia mbele ya haki. Mabuti yake yapo darini jikoni, mpira wenyewe umepasukapasuka, lakini soli ile haijabanduka hadi leo. Nikimkumbuka sana huyashusha nikaipapasa.

Basi sikia, mwanangu. Mkikosana na mwenzako, msikimbilie kubandika. Oshaneni kwanza, hata kwa maji mliyoyapata kwa taabu. Kwangueni ya zamani yatoke. Kila mmoja apake upande wake, asimpakie mwenziwe, kisha ngojeni pamoja, maana kwenye kungoja ndiko mtu husema linalomtisha.

Mola akubariki na huyo uliyempata, awape subira na maji ya kutosha. Na kamba yako ya mpira, mwanangu, isipate kazi nyingine ila ya kufungia buti.