Siku Tuliyotwanga Makumbusho, Ulaya

Enzi zetu likizo haikuwa ya kukaa nyumbani kwetu Mafiga, mjini, kukodolea macho luninga. Shule ikifungwa tu, mimi na dada Zena tulipandishwa Uluguru kwa bibi, ambako baridi ya asubuhi inauma masikio na kinu kinakusubiri uani. Tulitwanga mahindi wawili, kinu kimoja, kila mtu na mchi wake. Ufundi ulikuwa kuuachia mchi hewani, upige kofi, uudake kabla mwenzio hajashusha wake. Anayekosa anakwenda kuchota maji. Bibi alikuwa akipeta pembeni, akituonya, "Mikono iongee, midomo ipumzike." Vijana wa siku hizi wanajiandikisha jimu kutafuta misuli, sisi yetu tuliipata uani, na malengelenge juu.

Dada aliolewa Ulaya tungali wasichana. Mwaka jana nilipokwenda kumtembelea nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitamkuta si dada yangu tena. Alinizungusha mtaa wa kale, vichochoro vya mawe na nyumba zilizoinamiana, akinieleza habari za kila dirisha. Kwenye makumbusho alinong'ona kama yuko msikitini. Nilipompa mlinzi mzee shikamoo yake, dada akanifinya mkono. Niliumia kweli.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha vitu vya Afrika. Nyuma ya kamba kulikuwa na kinu na mchi wake. Dada akasimama. Akaweka mkoba chini, akavua koti, akatanguliza mguu mmoja na kuanza kutwanga hewa. Akapiga kofi. Mikono yangu ikamjibu yenyewe. Tukatwanga, watu wazima na viuno vyetu vibovu, mpaka watalii wakatuzunguka wakidhani ni onyesho. Mlinzi akaja, nikajua tunatolewa nje, kumbe naye anatikisa kichwa kufuata mdundo.

Tulipokaa nje na kahawa, dada akaniuliza kama kule kwa bibi bado wanatwanga. Nikamwambia mahindi yanapelekwa mashineni, na wajukuu zetu wakikutana na kinu watakipiga picha tu. Zamani Ulaya ilikuwa mbali na kinu kilikuwa uani, nikamtania, siku hizi kukiona lazima upande ndege. Nilidhani atacheka, lakini alikuwa anafuta machozi.

"Mdogo wangu," akasema, "hivi Mafiga viwanja bado vinapatikana?"