Viatu vya Magurudumu vya Kabula

Tangu wamzike Philomena, mkewe, kila siku Bujiku aliamka, akafungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli pale Bariadi, akaziba pancha, akafunga. Akisalimiwa "Mwangaluka," aliitikia. Watu walisema amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Ndani mwake mlikuwa kimya tu, kama mtungi uliokauka.

Nyumbani alibaki na binti yake, Kabula, aliyependa viatu vya magurudumu manne kuliko chakula. Vijana walikuwa wamejenga rampu ya saruji nyuma ya ghala bovu la pamba, jirani na kibanda, na Kabula alitaka viatu vyake viiweze. Bujiku akatoa magurudumu laini ya barabarani, akafunga madogo, magumu. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma palitakiwa kibao cha kuteleza juu ya ukingo wa rampu. Akavichonga viwili kutoka kwenye mchi wa Philomena, ule ambao ndugu waliuacha walipogawana vitu vya marehemu, kwa kuwa ulikuwa na ufa. Mwisho akakaza kila nati mpaka mishipa ikamtoka. Ndivyo alivyozoea kukaza baiskeli zinazobeba magunia ya pamba kutoka Zagayu: kikilegea kitu, mzigo unamwangusha mtu.

Kabula aliteremka rampu, akataka kukata kona. Viatu vikaenda moja kwa moja. Alirudi kidevu kimepasuka.

Nyanjige, dada yake Bujiku, alikuwa amekuja kutoka Bukundi. Alikitazama kidevu, kisha kaka yake. Akasema mtoto hawezi kulelewa na mtu aliyelala macho wazi. Kabula akianguka tena, yeye shangazi ataondoka naye. Bujiku akajibu sawa. Akasubiri uchungu uje. Haukuja.

Jioni Kabula alimwekea viatu mapajani.

"Baba, umevikaza mno. Zile raba chini ya kiatu zikibonyea ndipo kinageuka."

"Vikilegea utaanguka."

"Mbona nimeanguka vikiwa vimekazwa?"

Bujiku akachukua spana. Akalegeza nati ya katikati, mkono ukimkatalia, akabonyeza raba kwa kidole gumba. Ngumu. Akalegeza tena, mpaka ekseli ikayumba.

Asubuhi Nyanjige alisimama kando ya rampu na kikapu chake, pamoja na mfuko wa nguo za Kabula.

"Vinayumba kama ng'ombe wa kiangazi," alisema.

Kabula akateremka. Akaegemea upande, viatu vikamfuata. Akapanda ng'ambo ya pili, mti wa mchi ukakwaruza ukingo, akarudi amesimama.

Nyanjige aliutua mfuko wa nguo chini, akauliza basi la Mwanhuzi, la kumrudisha kwao Bukundi, linaondoka saa ngapi. Bujiku alimsindikiza stendi, akampakilia kikapu, akarudi kibandani. Mteja mmoja alikuwa akingoja na tairi lake. Kutoka nyuma ya ghala mchi ulikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena. Bujiku alimwomba mteja asubiri kidogo, akaketi kusikiliza.