Sauti Moja ya Hagano

Mwone Leudwin akiingia kijijini: mtu mfupi, mabega mapana, anavuta ng'ombe mzee, na nyuma yake mkokoteni wenye mashoka, patasi, nguruwe sita na mkewe Austrechild, aliyekalia gunia la shayiri akimkaripia apunguze mwendo. Hakuna aliyemwita. Lakini kijiji kile cha kando ya mto Skelde hakikuwa na fundi wa magurudumu, na kabla jua halijazama walishamrundikia magurudumu mabovu na mtungi wa pombe.

Basi akakaa. Akajenga, akalima, akahesabu miezi. Maana Wafranki, wenyeji wa nchi ile enzi hizo, wana sheria yao, ndugu zangu: mgeni akihamia kijijini, hata wote wakimpenda, mmoja tu akikataa, mgeni hana makao. Ila miezi kumi na miwili ikipita bila neno, hakuna tena wa kumgusa.

Mwezi wa kumi na moja Hagano, jirani wa ng'ambo ya kijito, akaja mlangoni na mashahidi watatu.

"Fundi, nasema mbele ya hawa: siku kumi zikiisha, uwe umeondoka."

Leudwin akacheka. "Hagano, umeamkia mtungini leo?"

"Sijaonja tone."

"Nimekukosea nini basi?"

"Hujanikosea. Ila nguruwe wako wanakula msitu uleule. Wangu wamerudi wamekonda kama kamba."

"Nitawachinja wote!"

"Utafuga wengine. Na ndugu zako watakufuata."

Leudwin akawageukia mashahidi. "Bobo! Si juzi tu ulikuwa hapa unalamba bakuli langu?"

Bobo akatazama viatu vyake. "Ndugu yangu, mimi nimeitwa kusikia. Nimesikia."

"Masikio umekuja nayo, mdomo umemwachia mkeo!" Austrechild akafoka kutoka ndani.

Nyumba thelathini zilimtaka, moja haikumtaka, na hiyo moja ndiyo iliyotosha. Leudwin hakupata hata kosa la kumpigia mtu ngumi. Kama sheria inavyotaka, Hagano angerudi kila baada ya siku kumi, mara ya pili na ya tatu, kisha angemwita liwali wa mfalme aje kumtoa.

Njia ilibaki moja: barua ya mfalme. Mwenye barua hiyo hapingwi na mtu. Leudwin akatembea hadi shamba la kwanza la mfalme; mfalme ameondoka juzi, ghala limekwisha. La pili, ameondoka asubuhi, kaenda kuwinda. La tatu akamkuta karani wa mfalme anafunga sanduku la safari.

"Bwana karani, naomba barua ya kukaa."

"Nani wa kukusemea?"

"Mikono yangu."

"Mikono kila mtu anayo, mzee. Njoo baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno sitakuwa na nyumba!"

"Basi hutahitaji barua," karani akasema, na kifuniko kikaanguka.

Aliporudi, miguu imevimba, Hagano alishamaliza mara zake tatu. Liwali anakuja kesho. Na sheria iko hivi: akiondoka mwenyewe leo, anachukua kila kilicho chake; akingoja kutolewa, kila alichokifanyia kazi pale kinapotea.

Hagano akaja peke yake. "Nenda leo, fundi. Nyumba yako siitaki. Nautaka msitu wangu."

"Shayiri bado mbichi!" Leudwin akapiga teke ndoo. "Nichukue nini, majani?"

Hagano akageuka, akavuka kijito kurudi kwake.

Leudwin akamfunga ng'ombe mkokotenini, akapakia mashoka, akapakua, akapakia tena. Ndipo Bobo akatokea mbio, anahema.

"Usiende! Tumekubaliana. Liwali akija, sote tutasimama hapa mlangoni."

"Sheria haiulizi wangapi wamesimama, Bobo."

"Liwali ni mtu. Ataona."

"Na asipoona?"

Bobo akakuna shingo. Austrechild akashika kamba ya mzigo, akamtazama mumewe, akingoja neno.

Wewe msomaji, ungemwambia aikaze kamba ile, au aifungue?