Bunduki ya Mlio Mmoja

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya silaha za serikali, Songea, Mkuu wa Karakana alinitazama juu hadi chini, akaniuliza kama nimepotea njia ya jikoni. Nikamjibu, "Shikamoo, mkuu. Nimekuja kutengeneza bunduki." Nikazitengeneza kweli, hata alipostaafu yeye ndiye aliyependekeza nipelekwe Mbinga kama fundi mkuu.

Huko Mbinga alikuja Mzee Gotfridi wa Lipingo, kijiji cha kando ya ziwa, na bunduki ya marehemu baba yake. Ilibeba risasi moja tu: unafungua, unaweka, unafunga, unapiga. Leseni alikuwa nayo, ila risasi zake hazikupatikana tena popote, na viboko walikuwa wanamaliza mpunga wa kijiji.

Afisa Wanyamapori wa wilaya, aliyekuja karakanani kukagua silaha, akamwambia, "Mzee, bila risasi hii ni chuma chakavu. Iache hapa, itateketezwa pamoja na nyingine."

"Mkiichukua, mwanangu, mpunga tutakuwa tunawalimia viboko."

Nikaomba nipewe wiki moja. Afisa akakubali shingo upande.

Kubadili chemba, yaani kupanua pale risasi inapokaa ili iingie inayouzwa madukani, si kuchonga mwiko. Kichwa cha risasi mpya lazima kilingane na mtutu uleule, ganda lake liwe kubwa kuliko la zamani, na nguvu yake isizidi uwezo wa chuma cha zamani. Chuma ukishakikwangua hakirudi. Nilipima mpaka nikaota vipimo.

Karakana zetu zilikuwa na desturi. Risasi ya kwanza, bunduki hufungwa kwenye tairi, na kifyatulio huvutwa kwa kamba kutoka mbali. Ya pili hupigwa na fundi aliyekata chemba, begani mwake, mbele ya mwenye mali. Ya kamba ilitoka salama. Nilipoinyanyua kwa ya pili, Mzee Gotfridi akanishika mkono.

"Mama, niachie mimi. Mimi nimeshazeeka, ikipasuka si kitu."

"Baba, kazi ni yangu, na bega ni langu."

Nikapiga. Ubao wa shabaha ulitoboka katikati. Afisa akacheka, akasema, "Haya mzee, beba mali yako." Mzee alilia, nami nilijivuna waziwazi, wala sikuona haya.

Sasa nimestaafu, nimejenga hapahapa Lipingo. Mzee ametangulia, na leseni anayo bintiye. Mpunga ukianza kuiva, mlio husikika mara moja, kisha kimya, na viboko hurudi ziwani. Wajukuu hushtuka. Mimi hugusa bega langu la kulia, nikawaambia, "Hiyo ni yangu."