Simu Niliyoificha Siku ya Ntheo

Nikisema sina aibu nitakuwa nawadanganya, maana hata leo nikipita soko la Kabati najifunika leso hadi puani kama mtu mwenye mafua, na bado kuna mama muuza ndizi pale, Kalondu jina lake, ambaye akiniona tu anainua mkono sikioni kama anayeongea na simu. Nastahili. Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu hapa Sultan Hamud hadithi imetiwa chumvi, na chumvi yenyewe haikuhitajika.

Mjukuu wangu Mutuku, anayeniita susu kama Wakamba wanavyomwita nyanya, alikuwa anapeleka ntheo kwa kina Ndinda, huko Matinyani. Ntheo ni wale mbuzi watatu ambao sisi Wakamba tukishawafikisha, msichana amejulikana ni wa nani, na wasipofika, hata mkipendana miaka kumi, ninyi ni wapita njia tu. Tulikuwa tumeahirisha mara moja kwa sababu ya matanga, na baba yake Ndinda, Mzee Kimanzi, akamwambia Mutuku neno moja: "Jua likipita utosini kabla sijaona mbuzi, msigonge lango langu."

Msemaji wetu alikuwa Nzioka, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu (mtu mwenye sheria nyingi kuliko chifu). Aliamuru simu zote zibaki nyumbani, kwa kuwa kwenye ntheo nyingine simu ya mtu ililia katikati ya maombi, tena kwa wimbo wa kilabu. Mkaza mwanangu Mwikali, mama yake Mutuku, akapita na kiondo kuzikusanya. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lilikuwa dogo kama punje ya mtama: nilikuwa na simu mbili, moja ilikufa zamani ilipotumbukia kwenye karai, basi nikaiweka maiti hiyo kwa kiondo kwa heshima zote, na ile nzima nikaisukuma kifuani, ndani kabisa, mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa.

Sababu ni rafiki yangu Syombua. Yeye na Nzioka walikosana juu ya mpaka wa shamba, kwa hivyo hakualikwa, na mguu pia unamsumbua, naye alinililia mpaka nikamwahidi kwamba tukifika nitabonyeza kitufe, asikilize mazungumzo yote akiwa kitandani kwake. Simu ilikuwa imetegwa isilie, itetemeke tu, na ikipokelewa itoe sauti kubwa, kwa maana masikio yangu ni mazito.

Tukaondoka mapema, Mutuku kwenye usukani, Nzioka kando yake, mimi na Mwikali nyuma, na mbuzi kwenye buti wakitupumulia shingoni. Tulipopita Machakos, spika zikaanza: tiki-tiki-tiki, bzzzz. Mutuku alikuwa amefungiwa muziki mpya, na amplifaya yake, ile mashine ya kukuza sauti, ilikuwa huko nyuma, chini ya kwato za mbuzi.

"Zima hiyo kitu," Nzioka akasema.

"Redio nimezima, babu. Ni amplifaya, imeungwa moja kwa moja kwa betri."

Kimya kidogo, kisha tena, tiki-tiki-tiki, bzzzz. Mimi nilihisi kifua kikitetemeka nikafikiri ni barabara.

"Gari ya Musyoka ilianza kulia hivyo hivyo," Nzioka akasema, "halafu ikashika moto na watu ndani. Mimi siwezi kuchomeka na mbuzi za wenyewe. Simama Kabati."

Kutoka Kabati hadi Matinyani ni pua na mdomo, na ilikuwa saa nne na nusu tu, kwa hivyo hakuna aliyebisha. Tukampata fundi Mwendwa, anayefunga redio za magari. Wote wakashuka ila mimi, kwa ajili ya magoti.

"Kanyaga mafuta," fundi akamwambia Mutuku. Injini ikanguruma, kelele haikupanda. "Si alteneta inayochaji betri. Ingekuwa alteneta, ingepiga mluzi ikipanda na injini." Akazima injini, kelele ikaja. Akachomoa waya wa eria unaonasa stesheni, ikaja. Akachomoa redio nzima, ikaja. Akakwaruza rangi pale waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, unapofungwa kwa bodi ya gari, akaukaza upya, na kukawa kimya kizuri, dakika mbili, tatu, Mwikali akamshukuru Mungu kwa sauti (kumbe ni Syombua alikuwa anapumzisha kidole). Tiki-tiki-tiki, bzzzz.

Fundi akasimama wima. "Hii ni simu. Iko simu hapa karibu, na kuna mtu anaipigia."

"Simu?" Nzioka akajipiga kifua. "Sisi simu zetu ziko kwa kiondo nyumbani. Mwikali alizikusanya mwenyewe. Si ndiyo, Mama Kioko?" akaniuliza mimi.

Na mimi, gari likiwa limesimama tuli na injini imezimwa, nikasikia kitu kinatetemeka kifuani. Barabara gani hiyo sasa? Jasho likanitoka hadi kwenye vidole vya miguu. Ningesema hapo, mkasa ungekwisha.

"Ndiyo," nikasema.

Fundi akapeleka simu yake mwenyewe mbali, akarudi, kelele ikamngojea. Akakuna kichwa. "Basi ni amplifaya yenyewe. Toeni mbuzi."

Wakawatoa. Wawili wakasimama kwa adabu. Yule beberu mweusi, mkubwa wao, alipoona soko la Kabati alikata kamba akaenda. Mutuku mbio, Mwikali mbio, Kalondu akapiga nduru ndizi zake zikikanyagwa, watu wakikimbilia huku na beberu akikimbilia kule. Nzioka yeye hakukimbia. Alisimama kando ya dirisha langu akiangalia kivuli chake kinavyozidi kuwa kifupi.

Mutuku akarudi mikono mitupu. Suruali ya sherehe imechanika gotini, macho mekundu.

"Babu, ameingia nyuma ya maduka. Hatuoni."

"Geuza gari. Ntheo ya mbuzi wawili mimi sipeleki."

"Babu, tafadhali. Mzee Kimanzi alisema…"

"Nimesema geuza."

Mutuku akakaa chini kwenye vumbi. Sijawahi kumwona akikaa hivyo tangu tulipomzika baba yake, Kioko wangu. Nikajiambia, mwanamke mzee wewe, angalau uue hiyo kelele, ibaki shida ya mbuzi peke yake, nikaingiza mkono kifuani ili niizime bila kuonekana, na kidole changu, kisichojua kusoma, kikabonyeza kijani.

"Mama Kioko!" Sauti ya Syombua ikatoka kifuani kwangu, na watu wote wakanigeukia. "Mbona hushiki? Mmefika? Na huyo Nzioka ameshaanza kujifanya gavana? Mwambie avute tumbo ndani, watu wa Matinyani wasidhani amekuja kula!"

Fundi Mwendwa alitoa bisibisi mdomoni. "Kelele imepatikana," akasema.

Soko lilicheka. Wengine walishika nguzo. Nzioka hakunitazama, alivuta tumbo (niliona) akaingia garini akafunga mlango polepole sana, na hiyo polepole ndiyo iliyonitisha. Walewale waliocheka ndio waliomkamata beberu, kwenye mlango wa bucha ya Musembi.

Tulifika Matinyani saa saba na nusu. Mzee Kimanzi alikuwa amesimama nyuma ya lango lililofungwa, na mbali nyuma yake nilimwona Ndinda mlangoni kwa mama yake, amevaa vizuri, hasogei.

"Gari liliharibika," Nzioka akaanza.

"Halikuharibika," nikasema. Nikashuka na magoti yangu, nikashika chuma cha lango, nikamweleza mkwe wangu yote, hata pale penye kifua, hata ile "ndiyo" yangu. Hakucheka hata kidogo.

"Mbuzi waingie," akasema mwishowe. "Hawana kosa. Lakini leo hatutaongea. Mtakula, mtaenda, na neno la msichana mtalifuata baada ya mavuno."

Basi mbuzi walipokelewa na Mutuku akarudi bila jibu. Tulipofika nyumbani alizunguka akanifungulia mlango, akanishika mkono, "Susu, polepole na hilo jiwe," na mimi ningependa zaidi anitukane.

Mavuno yamekaribia. Jana alikuja kuniuliza kama nitaenda nao, nikasema nitaenda, na Mwikali nimeshamwambia anipapase kama askari wa gereza kabla sijapanda gari, kila mahali, na asione haya.