Meno ya Mjapani

Mara ya kwanza kumwona Mjapani, alikuwa anasuguliwa uso kwenye seng'enge na jitu lenye uzito wake mara mbili. Ilikuwa Jumapili mchana huko Gatwekera, Kibera, ndani ya nyumba ya mabati ambayo mwenye video aliiita ukumbi. Runinga yake haikuelewana na rangi za kanda za Kijapani, kwa hiyo kila kitu kilitokea cheusi na cheupe, na damu ilitiririka kama oili chafu ya gari. Wanaume walipiga kelele na kugonga mabati ya ukuta. Mimi nilijifunika uso kwa leso, nikachungulia kidogo, kisha nikaitoa leso kabisa. Tangu siku hiyo sikukosa.

Watu husema mwanamke hapendi mambo hayo. Waache waseme. Wiki nzima nilikuwa nasuka nywele za wanawake Kawangware, mgongo umepinda, namsikiliza kila mmoja akinieleza jinsi shemeji yake anavyosuka vizuri kunishinda. Kufika Jumapili nilikuwa na ngumi mbili ambazo hazijapata mwenyewe. Pale kwa video palikuwa na mtu wa kupigwa, na hakuna aliyeniambia nitubu.

Niliyekwenda naye ni mdogo wangu. Alikuwa ametoka nyumbani, upande wa Kakamega, tukawa tunaishi chumba kimoja Gatina, hapo hapo Kawangware, pazia katikati, yeye akifanya kibarua cha mjengo. Kwetu mvulana husimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Yeye alisimama hivyo, wazee wakamsifu mpaka mama akalia, na nadhani tangu siku ile alikuwa anatafuta kisu kingine cha kusimama mbele yake. Mjengoni hakukuwa na kisu. Kulikuwa na mchanga wa kubeba na msimamizi wa kukutukana.

Kanda za Mjapani zilikuwa tano. Mwenye video, mzee wa Kijaluo mwenye maneno machache, alizinunua moja moja kutoka kwa fundi wa magari aliyeziokota chini ya viti vya magari makuukuu yaliyoletwa kutoka Japani. Maandishi ya juu yake hakuna mtu Kibera nzima aliyeweza kuyasoma. Basi mzee alichukua kalamu nene, na kila kanda alipoipata aliipa namba. Ya kwanza kufika ikawa moja, ya mwisho kufika ikawa tano, na sisi tukazitazama kwa namba hizo.

Katika kanda ya kwanza Mjapani alikuwa ameharibika. Paji la uso lilikuwa kovu juu ya kovu, jicho la kushoto limefumba nusu, meno ya mbele ya chini hayapo, na mguu mmoja aliuburuta. Walimpiga kwa viti, walimtupa juu ya mbao zenye misumari, walimpasulia kifuani tubu za stima, zile taa ndefu za kioo. Katika ya pili mguu ulikuwa na nafuu. Katika ya tatu tuliona jicho limefunguka. Katika ya nne alicheka, na meno yote yalikuwa mahali pake. Katika ya tano alikuwa na uso laini kama bwana harusi, anaruka kutoka juu ya kamba na kutua kwa miguu miwili.

Tukasema anapona. Mmoja akasema Wajapani wana dawa, mwingine akasema ni mazoezi ya kupumua, na mama mmoja mlokole akasema huyo ameokoka, hakuna siri nyingine. Usitucheke. Ungekuwa umekaa kwenye benchi lile ungeamini, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na kitu mwilini alichotaka kirudi.

Mdogo wangu hakuishia kuamini. Nyuma ya maduka ya Gatina kulikuwa na yadi ya mbao ambayo Jumapili haikufanya kazi. Vijana wa Kawangware walichomeka nguzo nne kwenye unga wa mbao, wakazungusha kamba, na baadaye wakatoa kamba wakazungusha seng'enge. Watu walijaa baada ya kanisa, wengine Biblia zikiwa bado kwapani. Hawakupiga makofi. Waligonga mabati ya ua kwa viganja, na yadi nzima ikawa inanguruma. Walimwita mdogo wangu Mjapani, na nilipomsikia mara ya kwanza akiitwa hivyo niliona amenyooka mgongo, yeye ambaye mjengoni aliitwa "we kijana".

Siku moja mtu mmoja alimpiga mgongoni kwa ubao wenye misumari. Ubao uliganda. Mdogo wangu akazunguka nao uwanjani akiwa ameubeba kama mtoto, watu wakigonga mabati kwa vicheko, mpaka akaanguka chali juu yake. Jioni nilimlaza kwa tumbo juu ya kitanda changu nikatoa misumari miwili iliyobaki kwa koleo. Kwa hasira nikavuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Utakufa, mjinga wewe," nikamwambia.

"Sista, wacha presha," akasema mdomo ukiwa kwenye mto. "Angalia kanda ya tano."

Majirani walinifariji kwa ile methali yao: mtoto akililia wembe, mpe. Naichukia methali hiyo. Aliyeitunga hakuwahi kuosha mashuka yenye damu ya mtoto huyo.

Kisha ikaja siku ya tubu. Kioo kilimwingia jicho la kushoto. Kliniki walilisafisha, wakalifunga, na lilipofunguliwa alikuwa anaona kwalo kama mtu anayetazama kupitia nailoni. Nesi hakuzunguka. Alimwambia, mbele yangu, kwamba jicho hilo likiguswa tena ni la kutolewa. Tukatoka nje, na kabla hatujafika barabarani mdogo wangu alikuwa anacheka.

"Ya Mjapani si ilirudi? Hata yangu itarudi. Ni kungoja tu."

Jicho lilikuwa bado limevimba alipokubali pambano na mtu wa Soweto West, kule Kibera, mbeba mizigo mwenye shingo nene ambaye hakuwahi kuangushwa. Seng'enge pande zote nne. Jumapili inayofuata.

Nilikwenda Gatwekera kugombana. Nilipanga maneno njia nzima. Nilimkuta mwenye video ameketi mlangoni anakula muhindi choma, akiuingiza mdomoni kwa pembeni na kuubambua kwa magego.

"Mzee, kanda zako zitaniulia mtoto," nikamwambia bila salamu.

"Kanda haina mkono, nyathina," akasema. Nyathina kwao ni mwanangu. Akacheka, na alipocheka niliuona ufizi wake wa chini, mtupu na unang'aa. Nilikuwa nimemjua muda wote huo na sikuwahi kuutazama. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka.

"Hayo meno yalienda wapi?"

"Nilitolewa nikiwa kijana mdogo. Sita ya chini. Ndiyo desturi ya watu wa zamani kwetu."

"Na hayakurudi?"

Alicheka mpaka akakohoa punje za muhindi. "Jino ya mtu mzima irudi kutoka wapi?"

Mimi sikucheka. "Na ya Mjapani yalirudi kutoka wapi?" nikauliza, naye akaacha kucheka polepole. Tuliingia ndani pamoja. Akaiweka kanda ya tano. Akaitoa, akaweka ya nne, kisha ya tatu, kisha ya pili. Ilipofika ile ya kwanza, na Mjapani akatokea akiburuta mguu, mzee alikuwa amekaa chini sakafuni na muhindi wake umepoa mkononi.

"Huyu hakuna mahali alipona," akasema. "Huyu mwenye uso mzuri ni yeye kabla wamguse."

Tulikuwa tumempongeza mtu kwa kupona, kumbe tulikuwa tunatazama jinsi alivyoliwa, ila tulianzia kwenye mifupa.

Jumamosi nilimvuta mdogo wangu mpaka Gatwekera. Nilimwambia ni kanda mpya. Mzee alifunga mlango, akaziweka kwa mpangilio wa kweli, na tukakaa watatu kwenye mabenchi matupu. Kijana mwenye uso laini akaruka na kutua kwa miguu miwili. Kisha akapasuliwa paji. Kisha meno yakatoka. Tuliona hata kiti kilichoyatoa. Kisha jicho. Katika dakika za mwisho za kanda ya mwisho watu wawili walimshika kwapa wakamnyanyulia mkono juu, maana mwenyewe hakuweza, na huku nyuma yake ukumbi mzima umesimama juu ya viti, watu wazima wanalia.

Nilikuwa nimejiandaa kumshika akivunjika moyo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Sista, mi ni mtu wa mjengo. Najua nyumba mpya na nyumba ya kuanguka. Nilijua tangu kitambo."

Nilimzaba kofi. La kweli, upande wa jicho zima. Mzee alisimama, lakini mdogo wangu hakusogea. Alinyoosha kidole kwenye runinga.

"Rudi uangalie ile tumeanza nayo leo, akiwa na macho mbili. Umeona watu? Viti ni tupu. Kuna mtu nyuma yake anakula, hata hamwangalii. Anaruka vile na hakuna msee anajua jina yake." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Sasa angalia ya mwisho. Wanalia, manze. Nani amewahi kunililia mimi?"

"Mimi!" nikapiga kelele. "Mimi ninalia kila siku, mbwa wewe!"

"Wewe ni damu yangu. Hiyo haihesabiki."

Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hadi leo.

Jumapili nilimfungia chumbani kwa kufuli nikaenda na ufunguo. Aliung'oa mlango pamoja na bawaba. Basi nikakimbilia yadi, nikamtafuta yule mtu wa Soweto West. Alikuwa amevua shati, anajipaka mafuta mabegani. Kwa karibu alikuwa na macho ya mtu mpole. Nikamwambia habari ya jicho, yote, mpaka maneno ya nesi. Nikamshika mkono.

"Mpige unavyotaka. Uso tu usiguse."

"Sawa, sista," akasema. "Naapa."

Na alitimiza. Alimwinua mdogo wangu akambwaga kwenye unga wa mbao mpaka nikasikia pumzi ikimtoka. Alimkanyaga mbavu. Alimburuta mgongo juu ya seng'enge, na zamu hii damu haikuwa nyeusi, ilikuwa nyekundu ile ya buchari asubuhi, ikichora mistari mpaka kiunoni. Mdogo wangu naye alimng'ata, akampiga magoti, akamsukumia kwenye nguzo mpaka nyusi ikafunguka. Lakini kila mara alipoutoa uso wake mbele, yule mtu aligeuza ngumi ikaenda begani.

Watu si wajinga. Waliona. Mabati yakaanza kunyamaza upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Mnabembelezana?" mtu akapaza sauti. "Mwoe basi!"

Wakacheka. Wachache waligeuka kuondoka, na mama mmoja akaanza kumvalisha mtoto wake sweta. Nilimwona mdogo wangu akiwatazama. Nilikuwa nyuma ya seng'enge, mbali naye hatua chache, na niliujua uso ule. Ndio uliosimama mbele ya kisu. Nikaita jina lake la nyumbani, ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua.

Alikimbia. Hakumkimbilia mtu. Alikimbilia waya, mikono nyuma, akauingiza uso wote, kisha akautikisa.

Sitaeleza nilichokiona alipojitoa. Nitasema tu kwamba hakuna aliyegonga bati. Mtu akasema "huyu amekufa," na mwingine akasema "polisi." Ukiishi mtaani unajua maana yake. Anayekutwa na maiti ndiye atakayejibu. Waliondoka kwa mlango, waliondoka kwa juu ya ua, Biblia zikaanguka kwenye unga wa mbao na hakuna aliyeinama kuziokota. Haikuchukua muda. Watu wote wale waliokuwa wanamwita Mjapani walikwisha.

Tulibaki mimi, yeye na yule mtu wa Soweto West. Nilikalia unga wa mbao, nikaweka kichwa chake mapajani, nikakandamiza leso juu ya jicho. Lile zima nalo lilikuwa limefunikwa na damu, haoni kitu. Yule mtu alipiga magoti mbele yetu, analia kwa sauti, anarudia, "Sikumgusa, sista. Sikumgusa."

"Najua. Nyamaza. Tutambeba."

Mdogo wangu akapapasa mpaka akanishika kifundo cha mkono. Midomo yake ilikuwa imechanika, lakini nilimsikia vizuri.

"Sista. Wasee ni wengi?"

Nilitazama yadi. Kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto karibu na mlango.

"Ni wengi," nikasema.

"Mbona wamenyamaza?"

Nikakandamiza leso zaidi. Yule mtu wa Soweto West alinitazama, kisha akasimama. Akaenda kwenye ua akapiga bati kwa kiganja. Akapiga tena, kwa mikono miwili. Halafu akaanza kukimbia kuzunguka yadi, anapiga hapa, anarukia kule, anapiga pale, mabega yanachuruzika damu, machozi na kamasi vinamshuka, anapaza sauti moja nene, kisha nyingine nyembamba, "Mjapani! Mjapani!", na mabati yakanguruma pande zote.

Mdogo wangu akaniachia mkono, akainua wake juu.