Samaki wa Dimbwi na Nywele za Bi Harusi

Nichekeni tu, nimewaruhusu. Aibu niliyoipata Ruangwa miaka ile ya elfu mbili mwanzoni inanitosha mimi na wanangu, na chanzo chake ni tangi la kioo ambalo dada yangu alilipata kwa mtu aliyekuwa anahama kule Dar akanitumia niliweke kwenye saluni yangu, eti saluni za kisasa zinakuwa na samaki.

Samaki wenyewe sikuwa nao. Basi mvua zilipokolea nikaenda Narung'ombe kwa mama mdogo, nikachota kwenye dimbwi la kando ya shamba lake vijisamaki vyekundu vyenye mapezi ya buluu, vizuri mno, na kwa kuwa sikujua lolote kuhusu kufuga samaki (nilijua nywele tu, na hilo nalo mtaamua wenyewe mkinisikiliza mpaka mwisho) nikabeba na tope la dimbwi nikalitandaza chini ya tangi, ili wajione wako kwao. Mama mdogo akanitazama. "Mwanangu, hao hawafugwi hao. Dimbwi likikauka wanaondoka, mvua ikija unawakuta. Wanakokwenda hatukujui." Nikacheka.

Mwanzoni wateja walifurika, wengine wanakuja kutazama tu. Halafu kiangazi kilipoingia samaki wakaanza kufa, mmoja mmoja, na maji yapo, na chakula kipo. Samaki anapauka, anasimama kwenye kona kanikodolea macho, kesho yake namkuta amekufa. Niliwatupa wote kwa mkono wangu huu. Tangi likakauka na tope lake, nikalisukuma karibu na mlango wa nyuma, na sijui niseme nini, lakini saluni ikiwa tupu mchana nilikuwa nageuka ghafla kutazama kule, kisha najiona mjinga.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza nikaamua kulisafisha. Tope lilikuwa gumu kama tofali, nikalimwagia maji ya mvua lilainike, nikalisahau.

Kesho yake akaletwa Somoe, bi harusi, ndoa ni alasiri ile ile, kasindikizwa na shangazi yake na wanawake wamejaa kwenye mabenchi. Nikampaka dawa ya kulainisha nywele, maneno yakanoga, kuja kushtuka ndoo zote tupu (nilikuwa nimeosha vichwa asubuhi nzima bila kuangalia) na bomba halitoi hata tone.

"Dada Rehema, inaniunguza," Somoe akasema.

Dawa ile mnaijua, ukiichelewesha inaondoka na nywele na ngozi. Macho yangu yakaenda kwenye tangi. Maji ya juu yalikuwa yametulia, safi kabisa. Nikachota beseni zima.

Nilipolileta kwenye mwanga shangazi akainama kuchungulia, na wengine wote wakasogea. Mle majini mlikuwa na macho. Miili huioni, ni macho tu, mawili mawili, madogo kuliko mbegu za ufuta, yanatembea taratibu. Badala ya kufunga mdomo nikasema kwa sauti, "Wamerudi."

"Nani wamerudi?" shangazi akauliza.

"Wale waliokufa."

Jamani! Saluni ilibaki na viatu tu. Somoe naye alichomoka na dawa kichwani akakatisha sokoni, mimi nyuma yake nikipiga kelele, "Rudi, nywele zitatoka zote!" na watu wa sokoni, ambao hawakujua habari ya dawa, walichosikia ni mwanamke anamlaani bi harusi. Akaanguka mbele ya banda la mama lishe, anashika kichwa, "Naungua! Naungua!" na hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa sababu nilishamgusa mimi. Nikanyakua ndoo ya kuoshea vyombo nikammwagia, nikanyakua nyingine, na kila ndoo nilikuwa nachungulia ndani kwanza.

Nywele za kisogoni zilibaki kiganjani mwangu. Aliolewa alasiri ile kafunikwa mtandio mpaka kwenye nyusi, na vigelegele nilivisikia nikiwa nimejifungia ndani nalia.

Baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba samaki wale hutaga kwenye tope, mayai yanakaa humo makavu mpaka mvua nyingine. Nikamwomba akawaeleze na watu wa mjini. Akakataa, akasema yeye bado anataka kuishi Ruangwa. Mteja hakurudi hata mmoja, nikahamia Nachingwea.

Huko ndiko Somoe alikonifuata, nywele zimeota isipokuwa pale kisogoni. "Nisuke pafichike," akasema, akakaa. Nilimsuka, nikamwomba radhi, akasema yamekwisha. Alipokuwa anajifunga mtandio akaniuliza polepole, "Dada, wale wa kwenye beseni uliwapeleka wapi?"

"Niliwamwaga mtaroni."

"Ule unaopita nyuma ya kwetu?"

Nikainama kufagia nywele zilizoanguka. Lakini nimeapa, sitafuga tena kitu ambacho nikishakitupa sina hakika kama kimekufa.